Kumuaga Mzee Andendekisye na Penseli Yake Nyekundu

Zile herufi themanini na nne nyekundu katika daftari la presha, ambazo Bwana Daktari amezisifu mara tatu mbele ya wafanyakazi wote, niliziandika mimi. Sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu. Hata katika sala nimekuwa nikizungukazunguka bila kulitaja jambo lenyewe. Nalisema hapa kwa sababu nimepewa kazi ya kuandika habari za Mzee Andendekisye kwa jarida letu la hospitali, na sioni namna ya kuziandika kwa haki huku herufi hizo nimeziacha nje.

Sasa nianze kama nilivyoagizwa. Mzee Andendekisye Mwakabungu, dresa mkuu, yaani mkuu wa wafunga vidonda, na mtunza dirisha la dawa wa Hospitali ya Misheni Mgongolwa, Iringa, anastaafu leo Jumatatu, tarehe 30 Juni 1958, baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja. Katika miaka hiyo yote amechelewa kazini mara moja tu, na siku hiyo, kwa maelezo yake mwenyewe, saa ya hospitali ndiyo iliyokuwa imewahi.

Alizaliwa Rungwe kwenye migomba, akaanza kazi Tukuyu mwaka 1927 kwa kufua bendeji. Alizifua vizuri hata wakaona ni hasara kumwacha kwenye karai, wakamfundisha kuzifunga. Baadaye alipelekwa Rujewa, akakaa miaka minne. Huko mfugaji mmoja alitembea siku nzima kuja kuomba sindano. Mzee alipomwambia akunje mkono wa shati, yule bwana alimwonyesha ng'ombe aliyesimama nje. Mzee husema ng'ombe yule alikuwa mgonjwa mwenye adabu kuliko wote aliowahi kuwahudumia, maana hakuuliza kama inauma na hakuomba nyingine ya kupelekea shemeji yake.

Kutoka Rujewa alikwenda Makongolosi, wakati watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu. Wachimbaji walipewa kwinini kwa ajili ya homa, nao kwa sababu ya uchungu wake waliificha chini ya ulimi na kwenda kuitema nyuma ya choo. Hapo ndipo Mzee alipotunga sheria ambayo sisi sote tumeishi chini yake: mgonjwa akimeza, afungue kinywa, ainue ulimi, auzungushe kushoto na kulia, ndipo aandikwe. Asubuhi moja, chini ya ulimi wa mchimbaji mmoja, hakukuta kwinini bali kipande cha dhahabu kama punje ya harage.

"Ni jino, Mzee," yule bwana alisema.

"Jino gani linakaa chini ya ulimi?"

"Ndiyo kwanza linaota."

Mzee aliandika daftarini: kwinini amemeza, jino hakumeza. Tangu siku hiyo aliitwa Bwana Inua Ulimi, na jina hilo lilifika Iringa kabla yake.

Alifika hapa kwetu mwaka 1941. Kwa miaka kumi na saba amejifunza neno moja la Kihehe, "kamwene", na hulitumia kusalimia, kuaga, kuomba radhi na kufukuza mbuzi. Ugali wetu ameukubali, ingawa kila Jumapili hupikiwa ndizi na hufunga mlango asije akagawa. Kitu ambacho hakukikubali hata kidogo ni ulanzi, pombe ya mianzi. Mzee wa kanisa ni mzee wa kanisa. Kila masika, mianzi ikianza kutoa, ndugu wa wagonjwa huleta kibuyu kilichofichwa chini ya viazi, na kila masika Mzee alikinusa kibuyu hicho akiwa mlango wa pili, akakichukua na kukimwaga kwenye maua mbele ya wodi ya wanaume. Maua yale yamestawi kuliko ya misheni yoyote ninayoijua. Mengine yameota yakiwa yameegemea ukuta.

Mimi nilianza kazi tarehe 13 Januari mwaka huu, baada ya kumaliza darasa la nane. Wiki hiyohiyo Bwana Daktari alipokea vidonge vipya vya presha kutoka Ulaya. Alitupima wote kwa ile mashine yake. Mshipa wa Mzee ulipandisha kipimo hadi mia mbili na kumi, naye akasema mashine imeharibika, akapimwa tena, ikawa mia mbili na kumi na tano. Basi akaandikiwa vidonge. Waliandikiwa watu wanne: Mzee mwenyewe, Mwalimu Sedekia aliyestaafu zamani, Fundi Kalinga anayejenga ukuta wa hospitali tangu nikiwa mtoto, na Mama Apolonia, mkuu wa kufua, mwanamke anayeweza kukamua shuka likatoka karibu limekauka.

Mzee alinifundisha daftari siku ya kwanza. Mstari mmoja kwa kila mgonjwa, safu moja kwa kila siku. Akimeza, andika M. Akitema, andika T. Kalamu ya wino ni yangu. Penseli nyekundu ni yake peke yake, ya kusahihishia kila Jumamosi, nayo hulala kwenye droo ya dirisha. Yeye mwenyewe alimeza kidonge chake mbele ya kioo cha ukutani, akajiamuru kwa sauti kuinua ulimi, akauinua, akajitazama bila kujiamini sana, ndipo akajiandikia M. Jumapili tulikuwa tunapumzika na kila mtu alimeza nyumbani kwa dhamiri yake.

Saa za asubuhi Mzee alikuwa wodini, hivyo Mama Apolonia alikuja dirishani kwangu. Hapa ndipo kosa langu lilipo, na nitalieleza wazi. Mama Apolonia ana wajukuu wakubwa kuliko mimi. Aliniwahi siku ya kwanza kabla sijapata sauti: "Binti wa watu, unataka kuuona ulimi wangu? Mama yako anajua umekuja kazini kuchungulia watu wazima vinywani?" Nilifundishwa nyumbani kumsalimia mtu kama yeye kwa kupiga goti. Hakuna aliyenifundisha kumwamuru afungue kinywa. Akaenda zake, na pale penye ua wa mipera nikamwona akitema kidonge katika ncha ya kanga na kuifunga fundo. Nikaandika M. Kesho yake aliniambia, "Kamwene, mwanangu, andika," akapita, akatema, nikaandika. Kesho kutwa hivyohivyo. Ukishaandika M kumi za uongo, ya kumi na moja haikutetemeshi mkono.

Mwezi wa Tatu Fundi Kalinga alianza kukataa chakula na kulalamika kwamba mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi. Kisha macho yake yakawa manjano. Hakuna aliyeshangaa, maana ulanzi ulikuwa umekolea na Fundi hajawahi kuuruhusu upotee. Baada yake akafuata Mwalimu Sedekia. Watu walisema ini la Mwalimu limevumilia mengi, acha lilalamike. Kisha, wiki moja kabla ya Pasaka, Mzee Andendekisye aliingia kwenye sala ya asubuhi na macho ya rangi ya kiini cha yai.

Sitaki kuandika yote yaliyosemwa, lakini jikoni walisema haya: "Miaka kumi na saba anamwaga ulanzi wetu! Kwani nani amewahi kumwona akiumwaga?" Mwingine akajibu, "Maua yameona. Ila hayasemi, yamelewa." Wazee wenzake wa kanisa hawakucheka. Walikuja watatu, wakakaa kwenye benchi la wagonjwa, wakamwambia kwa upole kwamba asikaribie meza ya Bwana mpaka macho yawe meupe. Habari za ibada ya shukrani ya kumuaga mwezi wa Sita, walisema, wataangalia. Mzee aliwajibu kwamba pombe pekee iliyopata kupita mdomoni mwake ni ile ya meza hiyohiyo wanayomzuia. Mmoja wao akasema hata hiyo alikuwa akiinywa kwa furaha kidogo.

Yeye aliendelea kumeza vidonge. Alikuwa anadhoofika, hali chakula, anajikuna mikono usiku na mchana, lakini kila asubuhi alikwenda mbele ya kioo. Alisema dawa haiachwi kwa sababu mtu anaumwa. Dawa ni ya wanaoumwa.

Tarehe 8 Aprili Bwana Daktari aliuliza swali ambalo lingemaliza jambo lote. Alitukusanya dirishani, akauliza kama huenda ni vidonge vinavyoharibu ini. Akafungua daftari, akatembeza kidole. Wanne wanameza. Watatu wana macho ya manjano. Wa nne, Mama Apolonia, hajakosa hata siku moja, M tupu tangu Januari, na huyo hapo mlangoni amebeba kapu la mashuka, macho meupe kama bakuli. "Basi si vidonge," Bwana Daktari alisema. "Daftari la Mzee halikosei." Wote wakakubali. Aliyesimama karibu zaidi na daftari nilikuwa mimi, nimeshika kitambaa cha kufutia vumbi, na nilifuta vumbi.

Siku kumi na moja zikapita. Katika siku hizo Mzee alimeza vidonge kumi na kimoja. Vile vya kabla sijui nivihesabu kwa nani, lakini hivyo kumi na kimoja ni vyangu.

Ijumaa tarehe 18 alikuwa tayari amelazwa, naye akaagiza nimpelekee daftari alikague. Alilishika karibu na uso. Macho yalikuwa manjano na ngozi ya shingo nayo imeanza. Alipitia safu zangu taratibu, mstari kwa mstari, akafika kwa Mama Apolonia, akatabasamu. "Safu safi, binti," aliniambia. "Hata nikifa wiki hii, watasema nilikuwa mlevi, lakini hawatasema daftari langu lilidanganya." Akanirudishia, akageukia ukuta ajikune vizuri.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, nilifungua droo, nikatoa penseli nyekundu. Kila M ya Mama Apolonia, siku sita kwa wiki, wiki kumi na nne, niliikata na kuandika T juu yake. Zilikuwa themanini na nne. Penseli ilikwisha ncha mara mbili, nikainoa kwa wembe. Nilikusudia kumwambia Bwana Daktari kwa mdomo wangu, nikafika hadi mlangoni kwake, nikaliweka daftari juu ya meza likiwa wazi, nikakimbia.

Hatujawahi kumsikia Bwana Daktari akipaza sauti namna ile. Mama Apolonia aliitwa akaja na mikono yenye povu. Alipoulizwa hakukataa hata kidogo. Alikwenda kwake, akarudi na kopo la chumvi, akalimimina mezani: vidonge vyote, vingine vimeshikana, kimoja kina alama ya kuku kudonoa.

"Mama Apolonia, kwa nini?"

"Bwana Daktari, nilimeza kile cha kwanza ulichonipa mwenyewe baada ya kunipima. Moyo ukapiga ngoma, kichwa kikapiga ngoma, nikaangusha kapu. Nina mashuka arobaini kwa siku. Moyo ukicheza ngoma, nguo atafua nani, wewe?"

Kisha akageukia wodi ya wanaume, akasema kwa sauti ambayo hata maua yalisikia: "Na yule mzee macho yake si ya kawaida! Amelala kitandani, ni manjano, na bado ameniona nyuma ya mipera!"

Hapo ndipo uongo wa pili ulipozaliwa, na huu sikuuandika mimi. Rangi nyekundu ni ya Mzee, kila mtu anajua. Bwana Daktari akaamini kwamba Mzee, akiwa mahututi, alilikagua daftari lake na kumgundua Mama Apolonia kwa akili tu. Alivisimamisha vidonge vya wote mchana uleule. Aliwaandikia waliovitengeneza, nao wakajibu kwa ukurasa mzima wa upole kwamba ndiyo, kwa watu wachache ini huweza kuumia, na kwamba dawa ikiachwa mapema kwa kawaida hupona. Wachache hao walikuwa wamekutana wote Mgongolwa.

Mzee alipoambiwa sifa zake alitazama dari. Kisha akasema, "Kazi ni kazi," na akaomba uji.

Alipona polepole. Presha yake sasa inatulizwa kwa vidonge vya aina nyingine, kwa kupumzika mchana, na kwa maharage yasiyo na chumvi, ambayo ameyaita mateso makubwa kuliko manjano. Fundi Kalinga amerudi ukutani. Mwalimu Sedekia ameacha ulanzi siku tano kwa wiki. Mwishoni mwa Mei wale wazee watatu walikuja tena kukagua macho. Walimtoa Mzee juani, wakamwambia, "Tazama juu, Mzee. Sasa chini," wakamvuta kope kwa vidole, na sisi tuliokuwa madirishani tulimwona Bwana Inua Ulimi akikaguliwa kwa bidii ileile aliyowakagulia wengine miaka thelathini na moja. Alisimama wima, hakupepesa. Siku ya Pentekoste alirudi mezani, na inasemekana Mchungaji alimpa divai akamtazama hadi amemeza.

Tangu hapo amesimulia mara nyingi jinsi alivyogundua. Mwanzoni alisema alihisi tu. Mwezi huu ameanza kusema alisikia kidonge kikianguka kwenye kanga, kutoka kitandani, madirisha yakiwa yamefungwa. Nadhani akifika Rungwe atakuwa amekinusa.

Mambo aliyoyatenda kwetu ni mengi na nafasi ya jarida ni ndogo. Amefundisha madresa kumi na wanne. Hajawahi kumfukuza mgonjwa aliyekuja baada ya dirisha kufungwa. Alimgombeza tu, akamhudumia, akamgombeza tena. Na lile daftari ambalo wote tulilicheka ndilo lililomtibu yeye na wenzake wawili, siku lilipoanza kusema kweli.

Jumamosi alinikabidhi funguo za dirisha. Akatoa na penseli nyekundu kwenye mfuko wa shati, akailaza juu ya kidole chake cha shahada kama anayepima.

"Binti, hii nainoa mwenyewe kila Ijumaa. Najua urefu wake kama ninavyojua wa kidole changu."

"Ndiyo, Mzee."

"Mwezi wa Nne nilipokuwa nimelala ilipungua ukucha mzima."

Nilichukua kitambaa, nikafuta vumbi dirishani. Akaiweka penseli kwenye kiganja changu, akanifunga vidole juu yake.

"Kesho kutwa Mama Apolonia atakuja kupimwa na kumeza vile vidonge vya aina nyingine," akasema. "Mwambie ainue ulimi. Kamwene."

Akaenda zake. Sijui ile "kamwene" ilikuwa ya kuaga, ya kuomba radhi, au ya kumfukuza mbuzi.

Mzee Andendekisye, asante kwa miaka thelathini na moja. Nenda salama kwenye migomba yako, ini lako lipumzike, damu yako itulie, na ndizi zako ule mlango ukiwa wazi. Sisi wa Mgongolwa tutakuombea mema kila tukimeza kitu.

Na ninyi wenzangu mnaosoma: nakala ya Mzee, ya Bwana Daktari na ya Mama Apolonia nimezipiga chapa kando, zina miaka, tarehe, ng'ombe wa Rujewa na mistari miwili kuhusu maua. Hizi nyingine ni zenu, na mkishasoma naomba mzitie motoni jikoni. Leo mchana Mzee atasimama kusimulia alivyomgundua Mama Apolonia. Pigeni makofi, tafadhali, na mkiniona nimeinamisha kichwa msinitazame. Msimwambie Bwana Daktari. Msimwambie Mama Apolonia, atanicheka mpaka Krismasi. Na kama Mzee mwenyewe anajua, basi ametunza siri hii tangu Aprili bila kuitema. Nanyi nawaombeni mfanye kama yeye.

Karani wa dirisha la dawa